Hesabu Imezidi Mmoja

Mtu akikwambia kwamba mahakamani hawatazami nguo, mwambie aende zake. Mama Cheche alikuwa fundi cherehani na alijua macho ya watu yanaanzia wapi. Ndiyo maana asubuhi ile alilipiga pasi shati jeupe la mumewe, akamvisha, akarudi nyuma kumtazama, kisha akamvua na kulipiga pasi upya kwa sababu kola ilikuwa imelala upande.

"Mama Cheche, tutachelewa," mumewe alisema, amesimama kifua wazi katikati ya chumba.

"Tuchelewe. Bora kuchelewa kuliko kwenda kama mwizi."

Neno lilimponyoka. Akainamisha uso kwenye pasi kana kwamba kuna kifungo kimemkera. Baba Cheche alinyoosha mkono kulipokea shati. Alikuwa mtu wa kumeza, na kwa miaka mitatu tangu atoke gerezani alikuwa amemeza maneno makubwa kuliko hilo.

Mtoto wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche tangu aanze kazi ya kuchomelea vyuma, alikuwa ndani, mahabusu ya polisi. Mashine ya tajiri wake ilitoweka karakanani na yeye alikuwa na ufunguo. Wenye ufunguo walikuwa watatu, lakini polisi walipouliza, tajiri hakujiumiza kichwa. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema mbele ya mafundi wote. Basi wale wengine wawili wakarudi kwenye kazi zao kana kwamba funguo zao hazifungui kitu.

Leo ilikuwa siku ya dhamana. Cheche akikosa mdhamini, jioni anapandishwa karandinga, lile gari la mahabusu lenye nyavu madirishani, anapelekwa gereza kuu. Na gereza kuu haliulizi kama umeiba au hukuiba. Baba yake aliingia kule akiwa mtu wa kuimba huku akiranda mbao. Alitoka akiwa mtu wa kushtuka sahani ikianguka.

Mahakama ilitaka mdhamini mwenye nyumba. Mama Cheche alikuwa ameanza kwa kaka yake, mjomba wa mtoto, mwenye nyumba kubwa na lango la chuma ambalo Cheche mwenyewe alilichomelea bure, kindugu. Alimkuta mezani anakunywa chai.

"Dada, mimi sina neno na mtoto," kaka alisema. "Lakini damu ni damu. Akikimbia je?"

"Akimbilie wapi, kaka? Hata nauli ya kwenda mjini humwomba mamaye."

"Hata juu ya shemeji, mumeo, ulisema hivyo hivyo. Ulisema hana kosa, ukatuaibisha kila mahali ukimtetea, mwisho akakiri mwenyewe." Akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, dada."

Hakuinywa. Alitoka, na lile lango likafungwa nyuma yake bila kelele yoyote, maana mwanawe alikuwa fundi mzuri.

Ikabaki nyumba moja tu, hii yao yenyewe, vyumba viwili na sebule iliyogeuzwa mahali pa kushonea. Hati yake ilikuwa na jina la Baba Cheche, aliyeirithi kwa wazazi wake. Yaani katika ukoo mzima, aliyekuwa tayari kumsimamia kijana alikuwa yule yule ambaye watu walisema ndiye aliyemponza.

~

Aliyewatia moyo ni Mwenyekiti. Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyekaa gerezani miaka kumi na moja, na alipotoka akakusanya wenzake waliotoka, wakaanzisha chama. Walikiita Geti la Pili. Geti la kwanza, Mwenyekiti alipenda kusema, hufunguliwa na askari. La pili unalifungua mwenyewe, na hilo ndilo lina kutu. Kazi yao ilikuwa kuwatembelea wafungwa, kuwasaidia mahabusu wasio na ndugu, na kuwapokea wanaotoka. Nyuma ya ofisi yao kulikuwa na karakana ya useremala, na humo ndimo Baba Cheche alipopata tena kazi ya mikono yake. Katika ofisi ile, kuanzia mwenye kushika mhuri hadi mfagiaji, hakukuwa na mtu ambaye hajalala ndani.

Walikuwa na namna yao ya kufundishana. Milango yote ya ofisi ilifungwa makusudi. Mtu aliyetoka gerezani hafungui mlango. Husimama mbele yake akingoja ufunguliwe, kwa kuwa ndivyo alivyoishi. Basi walimwacha angoje. Siku yake ya kwanza Baba Cheche alisimama nje ya chumba cha chai mpaka chai ikaisha. Wenzake walimsikia anakohoa, anasogeza mguu huu na huu, hakuna aliyenyanyuka.

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi. Watu wameketi wanapiga soga, mara mmoja anapaza sauti: "Hesabu!" Kule gerezani neno hilo likisikika, kila mfungwa huchuchumaa papo hapo, wawili wawili, mikono kichwani, ahesabiwe. Hapa Geti la Pili, atakayechuchumaa anaosha vikombe vya wote. Loo, walicheka! Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamtania mwenye vikombe siku nzima, na baadaye ungemkuta mmoja wao nyuma ya karakana anajifuta macho, wala si kwa kicheko.

Baba Cheche aliosha vikombe karibu mwaka mzima. Hatimaye siku moja hesabu ikaitwa, yeye akaendelea kumenya chungwa lake. Mwenyekiti alimpigia vigelegele. "Huyu amehitimu!"

Kwa hiyo Mama Cheche alipokwenda kuuliza juu ya dhamana, Mwenyekiti hakusita.

"Sheria haimkatazi. Kifungo chake alikimaliza. Wakimwuliza, aseme kweli. Wasipomwuliza, asianze kusimulia kama redio. Na avae shati zuri."

"Na ninyi je? Chama kizima, hakuna wa kusimama naye akamwongezea nguvu?"

"Mdogo wangu," Mwenyekiti alisema, "sisi kule mahakamani wote tuna jina moja. Tukisimama kumi, wataona mwizi mmoja mnene."

~

Karani wa mahakama alikuwa kijana mwenye miwani, aliyeandika bila kuinua kichwa.

"Jina?"

Baba Cheche akalitaja.

"Mshitakiwa ni nani wako?"

"Mwanangu wa kumzaa."

"Kazi?"

"Seremala."

"Una uhakika utamleta kila tarehe ya kesi?"

"Naam, afa..." Akajikata. "Naam, bwana karani."

Mama Cheche alilisikia lile "afande" la gerezani lililokatwa katikati. Alimfinya mumewe ubavuni. Lakini karani alikuwa anahangaika na mhuri uliokauka wino. Aliupulizia pumzi, akaugonga, akaugonga tena.

"Kaeni pale kwenye benchi, nje ya chumba cha hakimu. Faili likiitwa, mdhamini anasimama mbele ya hakimu, anajibu, anasaini, mnaondoka na mtoto wenu."

Mnaondoka na mtoto wenu! Alilisema kama mtu anayekuonyesha choo kilipo. Mama Cheche aliketi akalitafuna neno lile kimoyomoyo, utamu wake ukamwingia hadi vidoleni. Hata mumewe alimwona kama amerudia ujana wake leo, na lile shati, na mgongo ulionyooka. Upande wa pili wa ukumbi aliketi Mwenyekiti, kama kila siku ya mahakama, na mfuko wake wa sabuni na ndala za kuwagawia mahabusu. Alimkonyeza Mama Cheche. Mama Cheche akaona haya, akacheka.

Minyororo ilitangulia kusikika. Mahabusu waliingizwa kwa mlango wa nyuma, wakapangwa kando ya ukuta, karibu kabisa na mabenchi ya ndugu. Cheche alikuwa wa mwisho, jicho limevimba, midomo mikavu. Alimwona mama yake akajaribu kutabasamu. Alimwona baba yake akageukia ukuta. Tangu Baba Cheche arudi nyumbani, hao wawili walizungumza kama wapangaji: maji yametoka, umeme umekatika, mlango umefungwa?

Baba Cheche aliinuka. Akasogea kumpa mwanawe mkono.

Ndipo nyuma yake askari magereza akapaza sauti ya kukwaruza: "Hesabu! Chini!"

Waliozoea walikuwa wameshachuchumaa kabla neno halijaisha. Cheche alibaki amesimama, kidevu juu. Damu changa, unaijua. Askari akachomoa rungu. Na pale mbele ya kijana, katikati ya watu, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili, Baba Cheche alikuwa chini. Mikono kichwani, macho sakafuni, ametulia tuli.

Mama Cheche aliinuka nusu kwenye benchi. Kwa jicho la pembeni aliona hata Mwenyekiti ameanza kuteremka kutoka alipoketi. Mama wa watu alikuwa amelishika benchi kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, anajizuia asiende chini. Cheche alikuwa anamtazama baba yake. Rungu lilikuwa limeinuliwa juu yake na hakulijali, alimtazama tu yule mzee pale sakafuni. Halafu ujeuri wote ukamtoka usoni. Akakunja magoti, akachuchumaa kando yake, bega kwa bega.

"Wawili, wanne, sita..." Askari alihesabu huku akigusa vichwa kwa ncha ya rungu. Alipofika mwisho alikunja uso, akaanza upya. Kisha akamgeukia mwenzake. "Karatasi inasema kumi na moja. Mimi hapa nina kumi na wawili. Hesabu imezidi mmoja."

"Imezidi? Kupungua nimeona. Kuzidi?"

Watu mabenchini wakaanza kucheka. Askari akamgusa Baba Cheche begani. "Wewe uliyependeza. Nani wewe?"

Baba Cheche hakutaja jina. Alitaja namba, ile yake ya zamani, kwa sauti safi ya kukariri, akamalizia na "afande". Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Huyo ni mume wangu!" Mama Cheche alikuwa amesharuka kutoka kwenye benchi. "Si mfungwa, ni mdhamini! Inuka, Baba Cheche. Inuka, jamani, watu wanatutazama!"

Alimvuta mkono, alimvuta shati, kola aliyoihangaikia asubuhi ikachanika mkononi mwake. Mume hakuinuka. Aliinuka pale tu askari aliposema, "Simama."

Mlangoni alikuwa amesimama karani na faili kifuani. Yeye hakucheka. Aliinua miwani, akatazama vizuri, akarudi ndani.

~

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio uliomuumiza Mama Cheche kuliko yote. Angefoka, angalau mtu angekuwa na wa kumchukia.

"Mdhamini," alisema, "nimeambiwa kilichotokea hapo nje. Kwa nini ulichuchumaa?"

"Mheshimiwa, nilisikia hesabu."

Watu wakacheka tena. Hakimu akagonga meza.

"Uliwahi kufungwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Miaka saba."

"Kwa kosa gani?"

"Wizi, mheshimiwa. Nilikiri. Nilimaliza."

Mwendesha mashitaka aliinuka, akasema kwamba upande wao hauna imani na mdhamini huyu, akaketi. Hakuhitaji kusema zaidi. Hakimu alifunua faili.

"Sheria haikuzuii," alisema. "Lakini mdhamini ni mtu wa kumshika mshitakiwa mkono akamleta hapa hata akigoma. Wewe askari akipaza sauti unasahau jina lako. Nitakuaminije?"

Jibu, Mama Cheche aliomba moyoni. Mwambie huyo ni mwanangu. Mwambie nitamleta hata kwa kumbeba mgongoni. Sema lolote, baba, leo tu, sema.

Baba Cheche alifungua mdomo. Kizimbani Cheche naye alikuwa amejiinamisha mbele, anangoja.

"Sawa, mheshimiwa," Baba Cheche alisema.

Mdhamini akakataliwa. Familia itafute mwingine, kesi itajwe baada ya wiki mbili, mshitakiwa apelekwe gereza kuu. Hakimu alishasema "faili linalofuata" na Mama Cheche bado amesimama, amekamata kipande cha kola.

~

Nje, uani, alimgeukia mumewe. Watu walikuwepo, wakili mmoja alikuwa anavuta sigara kivulini, yeye hakujali.

"Umemuuza mwanangu! Umemuuza kwa magoti yako!"

"Mama Cheche..."

"Nimekuvumilia. Nimetukanwa sokoni kwa ajili yako, wateja wamechukua nguo zao zikiwa hata hazijapindwa, nimesema si kitu, ni mume wangu. Jambo moja tu nimekuomba. Moja! Usimame. Mtoto wa mwaka mmoja anasimama!"

"Magoti hayakuniuliza," Baba Cheche alisema. Alikuwa anayatazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nakuapia, mke wangu. Nilikuwa nampa mkono. Nikajikuta chini."

Mwenyekiti aliwafikia akihema, mfuko wa ndala begani.

"Nilaumu mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyesema amehitimu. Ofisini kwetu wanaoita hesabu ni sisi sisi, tunajuana, tunacheka. Hatujawahi kuiita tukiwa na rungu mkononi. Hata mimi leo..." Sauti yake ya sokoni ilikuwa imekwisha kabisa.

"Kwa hiyo mnafundisha nini huko kwenu?" Mama Cheche aliuliza. "Kuosha vikombe?"

Mwenyekiti alipokea tusi lile bila kurudisha. "Niliwaambia avae shati zuri," alisema tu. "Shati halikuwa na kosa."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mahabusu wakatolewa kwa mstari, wakapandishwa karandinga mmoja mmoja, na mlango wa chuma ukafungwa. Ndugu walikimbilia upande wa madirisha. Askari waliwaacha, ilikuwa desturi yao kuwaacha mpaka dereva amalize kujaza karatasi zake. Mama Cheche alipenya kwa viwiko hadi ukutani mwa gari.

"Mwanangu! Cheche! Mama yuko hapa!"

Uso ulisogea kwenye nyavu. Kwa siku zote tangu akamatwe, Cheche alikuwa amejikaza. Alimwambia kila mtu kwamba ni mambo ya siku mbili, kwamba atatoka, kwamba hamwogopi mtu. Sasa midomo ilikuwa inamcheza. Mama yake alinyoosha vidole, akamgusa kupitia matundu ya nyavu. Lakini kijana alikuwa anatazama nyuma yake, anamtafuta mwingine.

"Baba," aliita.

Baba Cheche alikuwa amebaki mbali, karibu na ukuta, kwa aibu. Alinyanyua kichwa.

"Baba, kule ndani nilale wapi?"

Mama Cheche aliona swali lile linavyompiga mumewe. Alitamani amzibe mtoto mdomo. Alitamani gari liwake, liende, jibu lisitoke kamwe. Miaka mitatu mwanamume yule hakuwahi kusimulia hata usiku mmoja wa kule, si kwake, si kwa mtoto; ukimwuliza, anachukua kipande cha mbao anakikwangua. Naye Cheche hakuwahi kumwomba baba yake kumfundisha chochote, hata kushika nyundo.

Baba Cheche alikuja. Watu wakampisha. Akashika nyavu kwa mikono yote miwili.

"Usilale karibu na mlango," alisema. "Wala karibu na ndoo ya choo. Katikati pia usilale. Tafuta ukuta, hata kama pamelowa. Ukuta hauna mikono."

"Ndiyo, baba."

"Mtu akikupa sukari, akikupa sabuni, sigara, sema asante, usipokee. Kule hakuna zawadi, mwanangu. Kila kitu kinadaiwa, na wanadai usiku. Sabuni atakupa huyu mama wa ndala. Yake pokea."

"Ndiyo."

"Wakikuuliza kesi, sema unangoja tarehe. Usijisifu. Usilie mbele yao. Ukitaka kulia, nenda bombani wakati watu wanaoga, maji yanapiga kelele." Injini ikawaka. Baba Cheche akapandisha sauti. "Na hesabu... hesabu ikiitwa..." Hapo akakwama.

"Mwambie!" Mama Cheche alimpiga ngumi ya bega, machozi yanamchuruzika. "Mwambie yote, usibakize kitu! Nani mwingine atamwambia?"

"Uwe wa kwanza kwenda chini," Baba Cheche alisema. "Umenisikia? Anayepigwa ni wa mwisho. Usiwe wa mwisho, baba. Nenda chini upesi."

"Nimesikia."

Karandinga likaanza kusogea. Baba Cheche alitembea nalo, kisha akakimbia nalo, shati limemtoka suruali, bado anasema: viatu avifunge mkononi akilala, chakula ale akiwa amegeukia watu, nyapara wa chumba amwamkie kabla hajaamkiwa. Alikimbia mpaka lango la mahakama lilipofunguliwa na gari likamwacha. Nyuma yake alikimbia Mama Cheche, kiatu kimoja mkononi, anayarudia maneno yale moja baada ya jingine kwa sauti ndogo, asije akasahau hata moja siku ya kwenda kumwona.